Chupa za Mzee Tone

Kuna nyumba ambazo mgeni huvua viatu mlangoni. Kwa Mzee Tone, mgeni alikunywa maji mlangoni. Ukigonga unakaribishwa, ukikaribishwa unapewa bilauri, na ukiishika bilauri Mzee Tone anakukodolea macho kooni mpaka funda la mwisho lishuke, kama hakimu anayesubiri mshitakiwa akiri mwenyewe. Wenye haraka zao walijifunza kumsalimia kupitia dirishani, nao pia hawakupona, maana dirisha lilikuwa na upana wa kutosha kupitisha bilauri.

Asidhani mtu kwamba mzee alikuwa na kichaa. Alikuwa na biashara. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa duka la maji ya kunywa, na katikati ya chumba ilisimama mashine ya kuchuja, ndefu, nyeupe, yenye mirija kama mgonjwa mahututi. Maji ya bomba yaliingia upande mmoja na dhambi zake zote, yakatoka upande wa pili hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha, hayana madini, hayana hata kumbukumbu ya mahali yalikotoka. Mzee Tone aliyajaza kwenye madumu ya plastiki, akayafunga vifuniko vya buluu, na shemeji yake akayasambaza maofisini kwa pikapu. "Maji yangu hayana kitu ndani," aliwaambia wateja, na wateja waliitikia kwa vichwa, wakifikiri wamesikia sifa.

Kitu kingine kisichokuwamo katika nyumba ile ni chumvi. Kaka yake Mzee Tone, ambaye watoto walimwita Baba Mkubwa, alianguka mezani miaka mingi nyuma, kijiko mkononi, mdomo umepinda upande mmoja, na hakuinuka tena. Daktari alisema ni presha. Mtu mmoja msibani, katika wale watu ambao hujua kila kitu msibani, akasema presha ni chumvi. Mzee Tone, ambaye kwa hesabu ya umri alikuwa amekula chumvi nyingi kuliko wote waliokuwapo, alirudi nyumbani siku hiyohiyo akalibeba kopo zima la chumvi jikoni, akalitupa shimoni. Tangu hapo mkewe alipika kwa ndimu, kwa vitunguu saumu na kwa subira. Familia ilizoea. Wageni walitafuna kwa heshima, wakatazamana.

Katika nyumba hiyo ndimo binti wao alimotangaza, katikati ya chakula cha jioni, kwamba ataingia triatloni.

Binti huyo kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Kutwa aliinama juu ya meza yenye taa kali, akichonga magego na kupanga safu za meno kwenye ufizi wa nta, mbele ya rafu iliyojaa vinywa visivyo na watu. Mgongo ulimuuma, macho yakamuuma, na siku moja akaenda kwenye bwawa la kuogelea kunyoosha mgongo tu. Hakutoka tena, kwa namna ya kusema. Mjomba wake, yule wa pikapu, akambandika jina la Kiboko, na jina likamganda kama ruba.

"Unaogelea karibu kilomita mbili," alieleza Kiboko, "unapanda baiskeli kilomita tisini, halafu unakimbia ishirini na moja."

"Kwa siku ngapi?" aliuliza Mzee Tone.

"Siku moja, Baba. Unamaliza kimoja unaingia kingine."

Mjomba aliacha kutafuna. "Mjomba wangu, unamkimbia nani? Niambie, nikaongee naye."

"Na hii ni nusu tu, Mjomba. Kuna watu wanafanya masafa kamili."

"Hao wanazikwa wapi?"

Mama yake Kiboko alicheka mpaka akashika kifua. Mzee Tone hakucheka. Aliona meza, aliona kijiko mkononi mwa binti yake, na kitu baridi kikampita mgongoni kama mjusi. Alimtazama mdomo. Ulikuwa umenyooka vizuri, unacheka. Lakini mzee alishajifunza kwamba mdomo hunyooka vizuri mpaka dakika unapopinda.

Hakumkataza. Binti mtu mzima, anajitegemea, utamkatazaje? Alisema neno moja tu, kwa upole wa mtu anayejua wajibu wake duniani: "Mambo ya maji niachie mimi."

Lau angelimkataza. Lakini tusimtangulie.

Kiboko alikuwa na kocha, mwalimu mstaafu wa michezo, mtu mkavu kama ukuni, ambaye filimbi haikumtoka shingoni hata alipokwenda benki. Siku moja Kocha alipita dukani na kopo lenye unga mweupe, akaliweka juu ya meza ya mauzo, akamweleza Kiboko huku Mzee Tone akifuta vifuniko pembeni na kujifanya hasikii.

"Jasho si maji," alisema Kocha. "Jasho ni maji na chumvi. Ukitoka jasho saa nzima halafu ukarudisha maji peke yake, umeudhulumu mwili. Ukiendelea kurudisha maji peke yake, damu inakuwa nyepesi, ubongo unavimba. Nimeona kijana mwenye nguvu kama fahali analetwa kwenye machela, na wenzake wanamwagia maji mdomoni wakidhani wanamsaidia. Kijiko kimoja cha unga huu kila chupa. Na unywe ukisikia kiu tu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Kocha."

"Na wewe mzee umenielewa?"

"Mimi nafuta vifuniko," alijibu Mzee Tone.

Alikuwa ameelewa neno moja. Katika hotuba yote ile, mambo ya damu na ubongo na fahali yalimpita kama magari barabarani. Neno lililobaki limesimama mbele yake, na injini inanguruma, lilikuwa chumvi.

Kiboko alikuwa na mazoea ya kuandaa chupa zake jioni. Alitia unga, akajaza maji, akakamulia ndimu, akatikisa, akazipanga kwenye friji ya dukani. Alfajiri baba yake ndiye aliyefungua duka. Alfajiri ya kwanza baada ya Kocha kuleta kopo, Mzee Tone alifungua friji, akachukua chupa moja, akaonja. Ulimi wake, ambao haukuwa umekutana na chumvi tangu msiba, ulishtuka kama mtu aliyekutana na mwizi wake sokoni. Ilikuwa na ladha ya chozi.

Aliimwaga kwenye sinki. Akamwaga ya pili. Akazisuuza, akazijaza kutoka kwenye mashine, akakamulia ndimu kidogo ili ulimi wa mtoto usiulize maswali, akafunga, akapanga vilevile zilivyokuwa. Alijiambia kwamba atafanya mara hii moja, mpaka apate nafasi ya kuzungumza na binti yake kwa utulivu.

Nafasi ya kuzungumza kwa utulivu, kama wote tunavyojua, ni kiumbe ambaye hakuna aliyewahi kumkamata. Wiki zilipita. Kumwaga chupa kukawa kazi ya asubuhi kama kufagia. Na kwa kuwa alijiona amemnyang'anya mwanawe kitu, hata kama kitu hicho kilikuwa sumu, alimfidia kwa kile alichokuwa nacho. Alimwongezea maji. Chupa ya kabla ya mazoezi, chupa ya baada ya mazoezi, bilauri kitandani, dumu dogo la kwenda nalo kazini. Kiboko alikunywa. Alilelewa hivyo: mkono wa baba ukinyooshwa mbele yako, haurudi na kitu.

Dalili za kwanza zilikuja kama wageni wasio na makuu. Nguo za mazoezi za Kiboko zilipokauka kambani zilikuwa na michirizi myeupe mgongoni na kwapani, kana kwamba mtu amezichora kwa chaki. Mama yake aliikwangua kwa ukucha, akaonja, akatema.

"Huyu mtoto anatoka chumvi," alimwambia mumewe.

"Si umeona?" alisema Mzee Tone kwa furaha. "Inatoka. Maji yanamsafisha."

Halafu yakaja maumivu ya kichwa kila baada ya baiskeli. Halafu kichefuchefu. Halafu jioni moja Kiboko alishindwa kuvua pete yake, akakaa nayo kwenye sinki la jikoni akiipaka sabuni, vidole vimejaa kama vimepulizwa. Mama yake alimtazama vidole, akamtazama tumbo, akavuta kiti.

"Kaa hapa. Unatapika asubuhi?"

"Si asubuhi, Mama. Baada ya mazoezi."

"Umeongezeka uzito?"

"Nikitoka kwenye baiskeli ndo nakuwa mzito. Ajabu, eti? Watu wanapungua, mimi naongezeka."

"Mwanangu, mimi ni mama yako na nilikuwa msichana kabla yako. Ni nani?"

Kiboko akaanza kucheka, akacheka mpaka povu la sabuni likaruka. "Mama, mimi naamka alfajiri, naogelea, natengeneza meno, naendesha baiskeli, nalala. Huyo mwanamume angenipata wapi? Labda angekuja kung'oa jino."

Mzee Tone aliyasikia hayo akiwa dukani, naye akacheka peke yake kwa faraja. Dalili aliziona zote. Aliziona vizuri kabisa, kisha akazipa dawa aliyokuwa nayo. Kichwa kinauma? Maji. Vidole vimevimba? Maji yatasukuma. Kichefuchefu? Kunywa polepole, lakini kunywa.

Wiki moja kabla ya siku ya majaribio aliyoipanga Kocha, alipeleka dumu mwenyewe kwenye karakana ya meno. Alimkuta Kiboko peke yake chini ya taa kali, amekaa wima, ameshika jino dogo kwa kibano. Mbele yake palikuwa na taya la nta lililopangwa vizuri, isipokuwa katikati, mahali pa jino la mbele, palisimama gego. Gego kubwa, pana, limejikunja katikati ya tabasamu. Taya lilionekana kama linamdhihaki mtu fulani.

"Hilo ni la nani?" aliuliza Mzee Tone.

"Nani?"

"Hayo meno."

Kiboko aliyatazama. Alichukua muda. Alikuwa na macho ya mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua. "Nimekosea," alisema mwishoni. "Sijawahi kukosea hivi, Baba. Nilikuwa naliona kabisa, nikaliona liko sawa." Alisugua paji la uso. "Kuna ukungu humu kichwani."

Rafu nzima ya vinywa ilikuwa ikimtazama Mzee Tone. Ulimi ulimwinuka. Palepale angeweza kusema, nafasi ya utulivu ilikuwa imesimama mbele yake na mikono kifuani. Badala yake aligeuza dumu juu ya mashine ya kutolea maji ya pale karakanani, maji yakashuka yakibubujika, akajaza kikombe.

"Kunywa, mwanangu. Umekauka."

Alikunywa.

Siku ya majaribio ilikuwa Jumapili. Kocha alitaka wafanye safari nzima kama itakavyokuwa kwenye mashindano, ila bila washindani. Asubuhi waliteremka kwenye bwawa kubwa la kuhifadhia maji ya mji, mahali pa kijivu penye ukuta wa zege na ndege wachache wasio na la kusema. Mjomba aliegesha pikapu. Nyuma yake Mzee Tone alikuwa amepanga chupa kwenye sanduku la barafu kama risasi.

"Shemeji," alisema Mjomba, "hizi ni za mtu mmoja au tunaenda kuzima moto?"

"Zihesabu ukitaka."

"Mimi nikihesabu nitasikia haja ndogo."

Kiboko aliingia majini na kuogelea vizuri. Mkono, mkono, pumzi. Alikwenda mpaka boya la mbali akawa nukta, na Mzee Tone akasimama ukingoni akiamini, kama alivyoamini siku zote, kwamba kilichomshika binti yake kilikuwa rafiki. Kiboko alitoka majini akitabasamu. Kocha aliangalia saa, akapuliza filimbi kidogo kwa furaha, akaondoka kwa pikipiki kwenda kuwasubiri mwisho wa mbio, mbele kabisa baada ya mtaa wa maghala.

Kwenye baiskeli jua lilipanda. Pikapu ilimfuata, na kila kilima Mjomba alisogea ubavuni, Mzee Tone akatoa mkono dirishani.

"Sina kiu, Baba."

"Kiu ni mgonjwa anayechelewa kulalamika. Kunywa."

"Nimejaa."

"Kidogo tu."

Alikunywa kidogo tu. Kilima kingine, kidogo tu. Njia ilikuwa ndefu na vilima vilikuwa vingi, na katika safari yote hakuna hata mara moja ambapo Kiboko alimrudishia baba yake chupa ikiwa na maji. Saa za mwisho aliacha kujibu. Alinyoosha mkono bila kutazama, kama mtu anayepokea nauli.

Alipoteremka kwenye baiskeli aanze kukimbia, alikaa chini kulegeza kamba za viatu. Zilikuwa zimezama miguuni. Aliposimama tumbo lake lilisikika, chubwi, kama dumu lililobebwa begani. Alikimbia. Mwanzoni alikimbia vizuri, baadaye alikimbia kwa kuyumba, baadaye alisimama kando ya ukuta wa ghala akatapika. Kilichotoka kilikuwa maji matupu, yasiyo na rangi wala harufu.

"Hata matapishi yake ni masafi," alisema Mjomba kwa sauti ndogo. "Hayo ungeyauza, shemeji." Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Alizima injini. "Tumrudishe nyumbani. Mimi sijaipenda hii."

"Ni jua," alisema Mzee Tone. Alishuka na chupa mkononi. "Jua limemkausha. Kiboko. Mama. Kunywa hii."

Binti yake aligeuka. Uso ulikuwa umejaa, mzuri, wa kitoto, na macho yalimpita begani yakarudi polepole yakamtua usoni. Akatabasamu kwa furaha kubwa.

"Baba Mkubwa," alisema. "Umekuja lini?"

Mtaa ulikuwa mtupu. Milango ya mabati ya maghala ilikuwa imefungwa pande zote mbili. Mjomba alishika mlango wa pikapu asiufunge wala asiufungue.

"Ni mimi," alisema Mzee Tone. "Ni baba yako."

"Umekaa sana huko," aliendelea Kiboko, kwa adabu. "Umekula?"

Hapo, msomaji, mtu mwingine angetupa chupa. Mzee Tone, mikono ikiwa mbele ya akili kama mikono ya watu wa kazi ilivyo, aliiinua mpaka mdomoni mwa mwanawe. Kiboko alikunywa nusu. Nusu nyingine ilimwagikia kidevuni na shingoni. Halafu akaanguka, na mwili mzima ukaanza kupiga chini, visigino, mabega, kichwa, kama samaki kwenye saruji.

Ilipotulia, walimbeba. Mjomba mabega, Mzee Tone miguu na kiuno. Hapo ndipo alipojua.

Alikuwa amebeba maji maisha yake yote ya utu uzima. Mkono wake ulijua dumu lililojaa na dumu lililopungua kikombe. Ulijua hata gizani, hata likiwa limefunikwa gunia. Mtu aliyetoka jasho tangu alfajiri alipaswa kuwa mwepesi, kama dumu linalovuja. Binti yake alikuwa mzito. Alikuwa mzito kwa ule uzito mmoja anaoujua mchuuzi wa maji, uzito unaochelewa kidogo kila unapogeuzwa, unaofika baada yako. Alikuwa amejaa mpaka shingoni. Na mambo ya damu na ubongo na fahali kwenye machela, yaliyompita siku ile kama magari, yote yaligeuza yakarudi, moja baada ya jingine, yakaegesha.

Mjomba aliendesha kwa honi, simu sikioni, akiwaita dada yake na Kocha waje hospitali. Mzee Tone alikaa nyuma na kichwa cha mwanawe pajani, akisikiliza kupumua kwake kulivyokuwa na mkoromo wa mtu mwingine.

Hospitalini walimwingiza kwenye chumba cha dharura chenye kitanda kimoja na pazia lililokosa pete tatu. Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya kutolala. Alimfungua jicho Kiboko, akamulika, akamgusa ngozi.

"Amekuwa anafanya nini?"

"Mazoezi," alisema Mjomba. "Tangu asubuhi, juani."

"Kwenye jua lote hili." Daktari alimgeukia nesi. "Tumpime damu, ila majibu ya maabara yanachukua muda. Tumuanzishie maji ya dripu, mengi, haraka."

Nesi alitundika mfuko mkubwa. Mama yake Kiboko alikuwa ameshafika, kanga imefungwa vibaya, amemshika mwanawe mguu. Nyuma yake akaingia Kocha anahema, filimbi inaruka kifuani.

"Daktari, subiri kidogo," alisema Kocha. "Isije ikawa chumvi imeshuka. Labda amekunywa sana."

"Anakunywa kiasi gani?" aliuliza Daktari.

"Hilo la maji sijui, lakini..." Kocha alisita, akajishika kichwa. "Hapana. Haiwezi kuwa chumvi. Nilimpa unga mimi mwenyewe. Kila chupa ina kijiko, miezi yote hii. Nimemuuliza kila wiki, ananiambia anatia. Huyu binti si mwongo. Basi itakuwa jua."

"Itakuwa jua," alikubali Daktari, akamwashiria nesi.

Nesi alifunga mpira kwenye mkono uliovimba, akaanza kutafuta mshipa. Hakuupata. Alipiga ngozi kwa vidole viwili, akatafuta mahali pengine.

Mzee Tone alikuwa amesimama karibu na pazia. Aliona mfuko ukining'inia, umenona, taa ikiwaka ndani yake. Aliona kwamba katika chumba kile kila mtu alikuwa anasema kweli, na kweli zao zote zilikuwa zinamsukuma mwanawe upande mmoja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote juu ya mtu anayeficha maradhi ya mwenzake. Aliwaza duka. Siwezi kumfichia, duka aliliwaza, kwa muda wa pumzi moja. Aliwaza uso wa mkewe. Aliwaza kwamba huenda ni jua kweli, daktari amesoma, nani yeye aseme. Sindano iligusa ngozi.

"Msimtie," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Alisogea, akaushika mkono wa nesi, mkono wa mwanamke asiyemjua, na nesi akashtuka.

"Mzee, tafadhali..."

"Msimtie maji. Amejaa. Amekunywa kila chupa tuliyobeba, na sanduku lilikuwa limejaa. Na unga haumo." Aliuachia mkono wa nesi. "Unga sikuuacha humo hata siku moja. Nilikuwa namwaga. Namwaga chupa zake alfajiri, naweka maji matupu. Tangu siku ile Kocha alipoleta kopo. Hajawahi kunywa hata kijiko kimoja. Na nyumbani hatuli chumvi."

Mkewe aliendelea kushika mguu wa mtoto. Aligeuza kichwa tu.

"Kabisa?" aliuliza Daktari. "Chakula hakina chumvi kabisa?"

"Kabisa."

"Na leo amekunywa kiasi gani? Sema kweli, mzee, usinikadirie."

Mzee Tone alisema. Huo ulikuwa ujuzi wake mmoja duniani na aliutoa wote, chupa kwa chupa, mpaka ile nusu iliyomwagikia shingoni. Daktari hakusubiri amalize. Alikuwa ameshaung'oa mfuko mkubwa kwenye mlingoti na kumtuma nesi mbio akalete dripu ya chumvi kali, ile ndogo, na mtu mwingine aende maabara akawasimamie kichwani mpaka watoe jibu.

"Tokeni nje wote," alisema.

Walikaa kwenye benchi la korido. Hakuna aliyemgombeza Mzee Tone. Angeshukuru kama angegombezwa. Mjomba alikaa ameinamia mikono. Kocha alivua filimbi, akaiweka mfukoni, akasimama dirishani. Mama yake Kiboko alikaa mwisho wa benchi, na kati yake na mumewe akaacha nafasi ya mtu mmoja mzima. Alisema, bila kumtazama, "Nilikwangua ile nyeupe kwenye nguo nikaja kukuonyesha. Nilikuonyesha."

"Ulinionyesha."

"Basi."

Jibu la maabara lilipokuja, Daktari alilisoma akiwa amesimama, akafumba macho kidogo. Alisema chumvi ya damu ilikuwa chini kuliko aliyowahi kuona kwa mtu anayepumua. Alisema mfuko ule mkubwa ungemmaliza. Alisema pia kwamba kumwokoa kungechukua upole, maana ubongo uliovimba haupendi kuharakishwa, na kwamba yeye hawezi kuahidi akiamka ataamka nani.

Kiboko aliamka kesho yake mchana, katika wodi ya vitanda viwili. Mama yake alikuwa ameshuka kununua sabuni. Mzee Tone alikuwa kwenye kiti, hajabadili shati, aliposikia akiitwa kwa sauti kavu.

"Baba."

Alisimama. Macho ya Kiboko yalikuwa yake mwenyewe, yamemtua baba, hayakumpita. Mzee alishika chuma cha kitanda.

"Nipo hapa, mwanangu."

Kiboko alilamba midomo. Ilikuwa imepasuka. "Nipe maji kidogo."

Kwenye meza ndogo ubavuni palikuwa na jagi la mgonjwa wa kitanda cha pili, limejaa, na bilauri juu yake. Daktari alikuwa amekataza, hata kijiko, mpaka yeye mwenyewe aruhusu. Mzee Tone alilitazama jagi, akaweka mikono yake nyuma.

"Hapana," alisema.

Kiboko alikunja uso, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ngeni. Tangu azaliwe hakuwa amewahi kulisikia neno hilo, katika jambo hilo, kutoka kwa mtu huyo. "Kwa nini?"

Akamwambia. Hakuketi. Alimwambia kopo, friji, sinki, ndimu, alfajiri zote. Alimwambia karakana ya meno na jambo ambalo hakulisema pale. Alimwambia vilima. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, sauti ya dukani, na hakuongeza sababu. Kila sababu aliyoifikia aliiona imesimama mlangoni na bilauri mkononi, akaipita. Kiboko alisikiliza akitazama dari.

"Ladha ilibadilika," alisema baadaye, polepole. "Ile wiki ya kwanza. Niliisikia kabisa."

Mzee alisubiri.

"Nikasema ni ulimi wangu. Maana chupa zilikuwa kwenye friji yako."

Alifumba macho. Kifua kilipanda, kikashuka. Mzee Tone alidhani amelala, akaanza kuvuta kiti kwa uangalifu kisikwaruze sakafu.

"Baba," alisema Kiboko, macho bado yamefumbwa, kwa adabu kamili, kama mtu anavyomwambia mgeni aliyekosea nyumba, "nakuomba ukae nje."